Fundi Wimale na Majiko Mawili ya Riyadh

Kwa hiyo, kama nilivyokuwa nawaambia jana kwenye chai kabla simu ya mapokezi haijalia, ukurasa mmoja haumtoshi Fundi Wimale. Bi. Ruwani wa ofisini ameninong'oneza kwamba karatasi za programu ya sherehe ni chache. Nimemjibu kwamba mtu aliyeitumikia Karakana ya Sandaruwan kwa miaka thelathini na mitatu, asichelewe hata siku moja isipokuwa ile mto ulipopanda barabarani, hawezi kuagwa kwa maneno machache kama ya kadi ya mwaliko. Tarehe kumi Julai Fundi Wimalasena atalikunja koti lake la kijivu kwa mara ya mwisho na kustaafu. Naandika haya kwa furaha, maana siku hizi kila kitu nakiandika kwa furaha, hata risiti. Nimeolewa mwezi Mei, na nyote mnajua nimeolewa na nani.

Fundi Wimale ni mtoto wa Rattota. Alikuja hapa Matale akiwa kijana mwembamba mwenye nywele nyingi. Wasioamini habari ya nywele waende wakaitazame picha iliyo ukutani karibu na saa. Wakati ule karakana yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ghala la viungo, na wazee wanasema kila pasi iliyotengenezwa hapa ilirudi kwa mwenyewe ikinukia karafuu na mdalasini. Alianza kwa kufagia, akapewa bisibisi, akapewa meza, na mwishowe akapewa mlango wenye jina lake, ambao hajawahi kuufunga kwa sababu anasema mteja akikuta mlango umefungwa hudhani kifaa chake kimekufa.

Kazi yake kubwa ilikuwa soketi. Na katika nchi yetu, jamani, soketi ni ukoo mzima wenye visa vyake. Nyumba moja ya Matale sebuleni ina matundu matatu madogo ya duara, jikoni ina matundu matatu makubwa ya duara kwa ajili ya pasi na friji, na chumba kilichoongezwa juu wakati wa harusi ya kijana kina matundu ya mraba. Fundi Wimale akiingia nyumbani kwa watu hatazami picha za harusi, hutazama ukutani chini karibu na sakafu, kisha anasema, "Chumba hiki alijenga babu, kile alijenga baba, na hiki mmejenga juzi kwa mkopo." Hakosei. Ilipoamriwa kwamba soketi mpya zote ziwe za mraba, alinuna wiki nzima kama mtu aliyehamishiwa mtaa mwingine uzeeni. Wiki ya pili alikuwa anazifunga haraka kuliko vijana wote, huku akiimba. Kuhusu kuimba kwake sitasema mengi, kwa kuwa leo ni siku ya sifa.

Halafu kuna masanduku. Mama zetu na kaka zetu wanaporudi kutoka kazini ng'ambo, hawarudi mikono mitupu, na karibu kila kilichomo sandukuni kina waya, na mwisho wa waya kuna plagi isiyoijua nyumba yetu. Pini mbili nene za duara ni Seoul. Pini tatu zilizopanga foleni kama watoto wa shule ni Italia. Pini bapa zilizoinama kama nyusi za mtu mwenye huzuni ni Australia. Nimekaa mapokezi nikamwona kwa macho yangu akimtazama mama mmoja aliyebeba kikaushio cha nywele mfukoni, waya ukining'inia.

"Dada, Napoli baridi si ilikutesa?"

"Ee mama yangu! Nani amekwambia nilikuwa Napoli?"

"Plagi yako imesema Italia. Napoli nimebahatisha."

Yule mama alitaka asomewe na kiganja.

Siku nyingine alikuja bibi kutoka Palapathwela na jungu la umeme la kupikia wali, lililoletwa na mjukuu kutoka Seoul. Alilitua mezani kwa hasira. "Fundi, hili linazungumza. Kila nikipika linanitukana."

Fundi Wimale akaliwasha, akapika wali humo, akasubiri. Sauti ya mwanamke ikatoka ndani, ndefu na nyororo. "Bibi," akasema, "linakwambia wali umeiva."

"Mwanangu, mimi nimekaa na mume miaka hamsini. Sauti ya kutukanwa naijua."

Akaizima ile sauti, bibi akaondoka ameshinda. Ndivyo alivyo fundi wetu. Anajua wakati wa kurekebisha chombo na wakati wa kumwacha mtu na ushindi wake.

Jambo moja tu humtoa katika upole, nalo ni kalamu. Soketi za mraba zina kijimlango ndani, hakifunguki mpaka pini ya juu, ile ya waya wa ardhi, iingie kwanza. Plagi ya pini mbili haina pini ya juu. Basi sisi wenyewe, watu wa kisiwa hiki, tumegundua kalamu. Unachomeka kalamu katika tundu la juu, mlango unafunguka, unasukuma pini zako mbili, maisha yanaendelea. Fundi Wimale akikukuta, ole wako.

"Hiyo ni kalamu au ni kidole chako cha sita?"

"Fundi, ni ya plastiki."

"Na utakapokosa ya plastiki utachomeka nini, uma?"

Hurudishiwi kalamu. Huiweka katika kopo la maziwa ya unga lililo juu ya kabati lake, na lile kopo limejaa. Ndiyo maana kalamu ya mapokezi imefungwa kwa kamba fupi kiasi kwamba mteja lazima ainame kama anasalimu ili atie sahihi. Na ndiyo maana ametuambia wote maneno haya mpaka tukayaota: "Adapta inabadilisha mdomo tu, tumbo halibadilishi. Usidhani kitu kikiingia basi kimekubali." Tulikuwa tunacheka. Mimi nilicheka mpaka Jumapili ya kwanza ya mwezi wa Juni, na habari ya siku hiyo ndiyo iliyonifanya nigombane na Bi. Ruwani juu ya kurasa.

Lakini kwanza mnipe nafasi ndogo. Mume wangu Chathura, dereva wetu wa gari la mizigo, alikuwa akija mapokezi kuchukua ufunguo. Ufunguo mmoja tu, lakini alikuwa akiuchukua kwa muda mrefu. Fundi Wimale ndiye aliyeliona jambo hilo kabla yetu sisi wenyewe. Alipita na bisibisi sikioni akasema, "Chathura, gari ndilo linalowaka huko nje, au ni wewe unayewaka humu ndani?" Nilitamani niingie chini ya meza. Chathura akaangusha ufunguo. Tangu siku hiyo nikawa namwona mtu huyu kila mahali, hata katika mvua, hata katika orodha ya vipuri. Fundi Wimale akawa shahidi wetu mbele ya msajili wa ndoa, akatia sahihi kwa kalamu aliyoitoa kwenye lile kopo. Alisema hatimaye imepata kazi ya halali, akaniachia niitunze.

Sasa Jumapili yenyewe. Tulikuwa tunahamia vyumba vyetu viwili vilivyo juu ya duka la fundi cherehani, pale Ukuwela. Vina sakafu ya vigae na dirisha la kuelekea mashariki, na asubuhi jua linaingia mpaka kwenye mito, lakini hayo niyaache. Mnajimu alikuwa ametupa saa ya heri ya kuchemsha maziwa, asubuhi, saa nne kasorobo. Maziwa yanapofurika katika nyumba mpya, neema nayo hufurika. Ndugu walikuwa wamejaa mpaka kwenye ngazi. Fundi Wimale alikuja kama mgeni wa heshima, na kikoi cheupe na mke wake Bi. Kusuma, na mikono mitupu kabisa, isipokuwa bisibisi ya kupimia umeme ambayo nadhani hulala nayo.

Chungu kipya cha udongo kilikuwepo, na maziwa yalikuwepo. Na katikati ya sakafu, juu ya kitambaa cheupe, lilikuwepo jiko la umeme la Mama Leela.

Mama Leela ni mama mkwe wangu. Alifanya kazi za nyumbani Riyadh miaka tisa, wanawe wakiwa shule. Kabla ya kurudi alinunua majiko mawili ya umeme yanayofanana, sahani moja kila moja, meupe, moja kwa kila mwana. Tangu arudi jiko la Chathura lilikaa katika boksi lake na boksi hilo likakaa katika mfuko na mfuko ukakaa juu ya kabati, likingoja siku hii. Mjomba Lionel, kaka yake, alipouliza kwa nini tusipange matofali matatu na kuwasha vifuu vya nazi kama watu wote, alimjibu, "Kaka, miaka tisa nimechemsha maziwa ya watoto wa watu kwenye jiko kama hili. Leo nitachemsha ya wanangu." Hakuna aliyesema tena habari ya matofali.

Tatizo lilikuwa plagi. Pini mbili bapa, na ukutani matundu ya mraba. Mjomba Lionel akatoa adapta mfuko wa kulia na kalamu mfuko wa kushoto.

"Lionel aiya," akasema Fundi Wimale taratibu, akimwita kaka kwa heshima zote za kwetu, "ukiigusa ile soketi kwa kalamu hiyo nitasahau kwamba mimi ni mgeni."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alipiga magoti na kikoi chake cheupe, akaligeuza jiko, akasoma kibati cha chini. Kisha akauweka mkono wake juu ya soketi, kama mtu anayemziba mtoto mdomo.

"Mama Leela, jiko hili limezoea umeme wa kule, ule mdogo. Hapa kwetu umeme unakaribia kuwa mara mbili. Tukilichomeka litawaka jekundu kama embe bivu, halafu basi. Halitawaka tena maishani."

"Fundi, wewe kila kitu kwako ni hapana. Adapta ipo."

"Adapta ni mdomo."

"Nimelitunza kama yai! Nimelitoa Riyadh mapajani mwangu, kwenye ndege, nikakataa hata chakula wasije wakanimwagia!"

Nikamwona Chathura anatazama dirishani, nami nikatamani kumshika mkono mbele ya wajomba wote. Dakika zilikuwa zinakwenda, saa ya heri haimngoji mtu, na Mama Leela alikuwa amekaa sakafuni mbele ya jiko lake kama mtu aliyefiwa.

Fundi Wimale akauliza, "Ulinunua hili moja tu?"

Wajomba wakatazama sakafu. Hata fundi cherehani aliyekuwa mlangoni alitazama viatu vyake.

"Mawili," akasema Chathura. "La pili liko kwa kaka."

Hapa lazima niwaeleze. Kaka yake Chathura ni Nuwan, na mke wa Nuwan ni Inoka. Mwaka juzi, mbele ya wageni, Mama Leela aliuonja wali wa maziwa wa Inoka, ule wa sherehe unaokatwa vipande, akasema, "Huu tungemalizia nao kujenga ule ukuta wa uani." Wageni wakacheka. Inoka hakucheka. Tangu siku hiyo Mwaka Mpya umepita mara mbili bila yeye na Nuwan kuja kumwinamia mama na kumpa fungu la majani ya tambuu, heshima ya wakubwa. Kwetu hilo ni jambo zito. Harusini kwetu walikaa meza ya mwisho na wakaondoka kabla keki haijakatwa.

Fundi Wimale hakuuliza kisa. Aliuliza jambo moja tu, "Na lenyewe wamelitumia?"

"Kama walilichomeka basi limekwisha kufa," nikasema mimi.

"Na kama halijafa," akasema, "tunaweza kuyaunganisha yakafuatana. Umeme upite katika hili kwanza, ndipo utokee uingie lile. Ni majiko pacha, yatagawana sawa kwa sawa, kila moja nusu. Umeme wetu utakuwa mdogo kama wa Riyadh. Ila likizimwa moja, na la pili linazimika hapo hapo. Hakuna la kuwaka peke yake."

Ndugu zangu, mimi niliposikia maneno hayo machozi yalinitoka. Nilimtazama Chathura na Chathura alinitazama. Vitabu vyote vya mapenzi nilivyosoma shuleni chini ya dawati havikuwahi kunieleza ndoa vizuri namna hiyo.

Lakini Mama Leela alisimama akajifuta magoti. "Pangeni matofali," akasema. "Leteni vifuu. Siwezi kumpigia Inoka."

Chathura akapiga simu mwenyewe. Akaweka simu sauti ya wote, kwa makusudi au kwa haraka, sijamuuliza.

"Jiko?" sauti ya Inoka ikasema. "Liko chini ya kitanda. Sijalifungua hata utepe. Njoo ulichukue."

Mjomba Lionel akapiga paja. "Hasira imeliokoa! Angekuwa na moyo mwema angeliunguza siku ile ile!"

"Mwambie alilete mwenyewe," Fundi Wimale akasema kwa sauti ya kusikika. "Majiko yakifuatana hivi, kila moja linataka mtu wake wa kulisimamia. Huyu akichoka, yule anapoa."

Inoka akasema, polepole, "Mama mwenyewe anasemaje?"

Chathura akamnyooshea mama simu. Mama Leela aliitazama kama inauma. Sote tulikuwa tunamtazama yeye, na nje bajaji zilikuwa zinapiga honi, na mimi nikawaza, asipoishika sasa, hataishika tena. Akaishika.

"Inoka." Akakohoa. "Mwanangu, hapa kuna maziwa tu. Wali wa maziwa hakuna wa kuupika. Njoo utupikie wewe."

Simu ikakatika, na kwa muda hatukujua maana yake ni nini. Bi. Kusuma akaanza kugawa ndizi ili mikono ya watu ipate kazi.

Fundi Wimale hakungoja. Mimi nina ufunguo wa mapokezi, kwa hiyo Chathura aliendesha na mimi nikafungua karakana, tukaleta kila alichoagiza kutoka kwenye sanduku lake la soketi za nchi za watu: soketi mbili za pini bapa, ubao, waya mnene, swichi. Tuliporudi alifunga kila kitu juu ya ubao sakafuni, kikoi kimekunjwa magotini, akapima, akapima tena. Kila mjomba aliyesogea na ushauri alipewa kitu cha kushika. Mjomba Lionel alipewa ashike kalamu yake mwenyewe.

Bajaji ikasimama chini. Tukasikia hatua ngazini. Inoka aliingia na boksi kifuani na pakiti ya mchele juu yake, Nuwan nyuma yake, na juu ya mchele kulikuwa na fungu la majani ya tambuu, mabichi, bado yana maji ya muuza duka. Akaliweka boksi chini. Akapiga magoti mbele ya Mama Leela, akayatoa yale majani kwa mikono miwili, ya Mwaka Mpya huu na ule wa mwaka jana. Mama Leela akayapokea kwa mikono miwili, akamwekea mkono kichwani. Mkono ulikaa pale muda mrefu kuliko kawaida.

"Haya, haya," akasema Fundi Wimale, "saa ya heri haibebwi mapajani. Chomekeni."

Maziwa yetu juu ya jiko la Chathura, wali wa Inoka juu ya jiko la Nuwan. Mimi na mume wangu tuliibonyeza swichi pamoja, kidole juu ya kidole, tukielekea mashariki. Na kwa muda hakukutokea chochote.

"Hili jiko linawaza," akasema Mjomba Lionel.

"Limesafiri," akasema Mama Leela. "Liache lipumzike."

Kisha chungu kikaanza kunong'ona. Povu likapanda upande mmoja, likasita, likapanda tena, na maziwa yakafurika, tena upande wa mashariki! Watu walipiga kelele kama timu yetu ya kriketi imechukua kombe. Maziwa yakamwagika juu ya jiko, kitambaa, na nusu ya kikoi cha Fundi Wimale, naye kwa wepesi ambao sikuutarajia kwa mtu wa umri wake akaizima swichi. Kwa hiyo, kama alivyotuambia, na jiko la pili likazimika. Hakukubali kuwasha tena kitu kilicholowa, hata kwa kubembelezwa. Wali wa Inoka ukabaki pale, haujaiva sawasawa.

Inoka aliufunua akabadilika rangi. "Mama, wali umekataa kuiva."

"Nipe," akasema Mama Leela.

Akakatiwa kipande cha kwanza, kwenye jani la mgomba. Akatafuna, na kwa heshima zote nawaambia, tulizisikia punje zikikatika menoni mwake kutoka pale mlangoni. Akatafuna mpaka mwisho. Akameza.

"Niongezee," akasema.

Inoka akaangua kicheko, kisha akaangua kilio, na Mama Leela akaendelea kula.

Tulipokuwa tunawasindikiza wageni, nilimwuliza Fundi Wimale pembeni kama ni kweli kila jiko linahitaji mtu wake wa kulisimamia. Alikuwa anakamua maziwa kwenye kikoi. "Dilhani, binti yangu," akasema, "jiko halijui nani amelisimamia." Halafu akatuonya vikali kwamba kuunganisha vile ni kwa siku ile tu na kwa mkono wa fundi, na akitukuta tumerudia wenyewe atatunyang'anya mpaka ndoa. Siku ya tatu alituletea transfoma ya kupunguza umeme, nzito kama gunia la mchele, aliyoitengeneza mwenyewe. Majiko yote mawili sasa hupumzika kwa zamu juu ya kabati letu na la Inoka, na Mwaka Mpya ujao yataletwa mahali pamoja.

Basi, wenzangu, mkiulizwa huyu mstaafu amefanya nini karakana hii, msiseme amefunga soketi. Vijana wanne wanaofanya kazi vizuri leo Kandy na Dambulla walishika bisibisi kwanza kwenye meza yake. Hakuna nyumba ya wilaya hii iliyoungua kwa waya aliouvuta yeye. Na meza ya mwisho ukumbini, ile iliyoondoka kabla ya keki, sasa inakula nyumbani kwetu kila Jumapili.

Fundi Wimale, Karakana ya Sandaruwan inakushukuru kwa mikono miwili, kama tunavyopokea tambuu. Ulale mchana bila kuamshwa na king'ora cha saa saba, na Bi. Kusuma akupikie unachopenda, na uimbe upendavyo, maana jirani zako wa Rattota wako mbali. Afya yako iwe kama waya wako, isiyo na viungo vilivyolegea.

Neno la mwisho ni siri, lakini nimeruhusiwa kuitoa. Siku ile ya maziwa, wakati wa kugawa ndizi, Bi. Kusuma alituambia kwamba jikoni kwake Rattota ukuta una soketi moja tu ya mraba, nyingine zote ni za duara za enzi za babu, kwa sababu kwa fundi ndiko kazi huchelewa kufika. Na birika lake jipya lina pini mbili. Na analichomekaje? Alitazama kwanza kama mumewe anasikia, kisha akatuonyesha kwa kidole, hivi. Kalamu!

Kwa hiyo, Fundi, usishangae. Kabla mwezi huu haujaisha utasikia gari letu la mizigo likipanda mlima wako. Chathura atabeba soketi mpya za jikoni na bisibisi, nawe utakaa kitini umwelekeze tu. Mama Leela na Inoka watakuja nyuma pamoja na mchele na nazi, na safari hii wali utaiva. Mimi nitakuja na ile kalamu yako ya ndoa, niirudishe kwenye lile kopo utakalokuwa umehama nalo.